Mji Ulioipa Miti Sikukuu

Oktoba ikifika Nairobi, kila mtu anakuwa mpiga picha. Barabara zinageuka zambarau. Maua yanafunika lami, yanafunika magari yaliyoegeshwa, yanaanguka hadi kwenye jiko la mama wa mahindi choma, na sisi watu wa mtandaoni tunatoa simu mfukoni. Mimi ni mmoja wao, sikatai. Miaka mitatu mfululizo nimepiga video ya jakaranda moja iliyokuwa nje ya geti la mtaa wetu. Pembe ileile, mwanga uleule wa saa kumi na mbili jioni. Kila mwaka watu wananiambia ni video yangu bora, halafu tunasahau mpaka Oktoba nyingine.

Mwaka jana, Jumamosi moja asubuhi, niliamshwa na msumeno wa injini. Kufika getini, mti ulikuwa chini. Matawi yashapakiwa kwenye lori, na shina linakatwa vipande kama mkate.

Nikamuuliza soja wetu, "Mzee, huu mti umekosa nini?"

"Ulikuwa unaficha lile bango la matangazo, kijana. Walikuja na lori, wakaja na karatasi. Mimi ningesema nini?"

"Kwani mti wenyewe ni wa nani?"

Akafikiria kidogo. "Si ni wa barabara."

Hilo jibu lilinikaa kichwani wiki nzima. Nilitaka kukasirika, lakini ukweli ni kwamba mimi pia sikuwa na jibu bora. Ningemwambia ni wangu? Sikuwahi hata kuumwagia maji. Nilikuwa naupiga picha tu. Basi nikaanza kusoma kuhusu jakaranda, ilitoka wapi, ilifikaje huku, na nani huko duniani anaijali. Ndipo nikakutana na mji unaoitwa Grafton. Wacha niwape stori yake, kwa sababu nadhani inatuhusu kuliko inavyoonekana.

Grafton ni mji mdogo kaskazini mwa jimbo la New South Wales, Australia, takriban kilomita 600 kutoka Sydney. Watu wake hawafiki 20,000, yaani ukiwaleta wote Nairobi hawajazi hata uwanja mmoja wa Kasarani. Umekaa kando ya mto mpana unaoitwa Clarence. Kule kusini mwa dunia, Septemba hadi Novemba ndiyo majira ya kuchipua, na mwisho wa Oktoba jakaranda za Grafton, karibu 2,000, zinachanua zote kwa pamoja. Wakati huohuo zinachanua zetu. Ukipiga picha Kilimani leo na mtu wa Grafton apige yake, mnaweza kubadilishana na hakuna atakayejua.

Tofauti ni kile wanachofanya baada ya picha. Kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwanzo wa Novemba, mji mzima unafanya Tamasha la Jakaranda. Sikukuu nyingi tunazozijua zina shujaa, au vita, au mtakatifu. Hii ina miti. Kuna Malkia wa Jakaranda anayevishwa taji. Kuna gwaride la magari yaliyopambwa. Kuna siku inaitwa Alhamisi ya Jakaranda, ambapo watu wa maduka, wa benki na wa afisi wanatoka barabarani wamevaa zambarau na mavazi ya kuchekesha, na hakuna anayejali kazi sana. Kuna bustani inaitwa See Park, yenye jakaranda kubwa za zamani, na usiku wanaiwekea taa watu watembee chini ya maua. Tamasha hili lilifanyika mara ya kwanza mwaka wa 1935, na linajulikana kama tamasha la maua lililodumu muda mrefu zaidi Australia. Hesabu mwenyewe. Ni takriban miaka 90.

Sasa, kabla ya kuanza kuwaonea wivu, tuangalie mji wenyewe ulianzaje, kwa sababu hapo ndipo stori inakuwa ngumu.

Kwanza kabisa, ile haikuwa ardhi tupu. Bonde la mto Clarence ni nchi ya Wabundjalung, Wagumbaynggirr na Wayaegl, wenyeji ambao wameishi huko kwa maelfu ya miaka. Walowezi wa Kiingereza walifika miaka ya 1830, na kitu kilichowaleta ni mti. Usifikirie jakaranda, hiyo ilikuwa bado. Walifuata mwerezi mwekundu, mti mkubwa wa asili wa misitu ya mvua ya pale, wenye mbao laini na nzuri kiasi kwamba waliuita dhahabu nyekundu. Wakataji waliingia msituni na mashoka. Magogo yaliburutwa na ng'ombe hadi mtoni, yakaelea, yakapakiwa melini, yakaenda kuwa milango na meza na ngazi za nyumba za watu wenye pesa. Baada ya vizazi vichache tu mierezi mikubwa ilikuwa imekwisha.

Kwa hivyo mji ambao leo unasherehekea miti ulizaliwa kwa kukata miti. Nilipoifahamu hiyo nilifunga kompyuta nikaenda kutengeneza chai.

Na miti haikuwa peke yake iliyoondolewa. Wafugaji waliwafuata wakataji, na vita vya ardhi vikawafuata wafugaji. Mwishoni mwa mwaka wa 1847, mahali panaitwa Kangaroo Creek, kusini mwa Grafton, zaidi ya Wagumbaynggirr 20 walikufa kwa kula unga uliotiwa sumu ya aseniki. Mfugaji aliyewapa huo unga, Thomas Coutts, alikamatwa akapelekwa Sydney. Kesi haikufika popote, kwa sababu sheria ya wakati huo haikukubali ushahidi wa mwenyeji mahakamani. Mashahidi walikuwepo. Walikuwa na ngozi isiyofaa, basi. Na mpaka leo, takriban kilomita 20 kusini mwa Grafton, kuna kijiji kinaitwa Coutts Crossing, jina la mtu huyohuyo. Ni miaka ya hivi karibuni tu ndiyo watu wa huko wameanza kubishana waziwazi kuhusu hilo jina.

Miaka minne baadaye, 1851, gavana wa koloni aliupa mji jina la Grafton, kwa heshima ya babu yake aliyekuwa Mtawala wa Grafton kule Uingereza. Hebu fikiria. Mto una majina yake ya zamani, vilima vina majina yake, halafu mtu anakuja na jina la babu yake. Sisi tuliokuwa na barabara ya Delamere na hospitali ya King George hatuhitaji kufafanuliwa zaidi.

Jakaranda inaingia kwenye stori ikiwa imechelewa. Asili yake ni Amerika ya Kusini, sana sana Argentina na Bolivia. Katika karne ya 19 himaya ya Uingereza ilikuwa na mtandao wa bustani za mimea kila pembe ya dunia, na kazi yake kubwa ilikuwa kubadilishana mbegu, yaani hii itaota wapi, ile italeta pesa wapi, nyingine itapendeza wapi. Mwaka wa 1864, Walter Hill, msimamizi wa bustani ya Brisbane, alipanda jakaranda ambayo inasemekana ndiyo ya kwanza kukua Australia. Mti huo ulikuja kuwa maarufu sana, mpaka mchoraji Godfrey Rivers akauchora mwaka wa 1903 akiwa anakunywa chai chini yake na mkewe. Mchoro huo bado uko kwenye jumba la sanaa la Brisbane.

Kutoka Brisbane hadi Grafton si mbali. Mwaka wa 1879, mfanyabiashara wa mbegu aliyeitwa H. A. Volckers alipewa kazi ya kupanda miti kwenye barabara za mji huo, na jakaranda zikawa miongoni mwake. Barabara za Grafton zilikuwa zimepimwa zikiwa pana sana, kwa hivyo nafasi ilikuwepo. Miche ikawa miti, miti ikatoa kivuli, na watoto waliozaliwa wakiikuta walidhani imekuwa pale tangu mwanzo wa dunia.

Lakini hapo bado hakuna tamasha. Kuna miti tu, na maua yanayoanguka kila mwaka, na pengine watu wanaolalamika kuyafagia. Ilichukua zaidi ya miaka 50 mtu kusema, jamani, hii tuisherehekee. Wazo lilitoka mwaka wa 1934, na mwaka uliofuata likatimizwa. Kumbuka kipindi chenyewe. Ni wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, kazi hakuna, pesa hakuna. Daraja kubwa la reli na magari juu ya mto Clarence lilikuwa limefunguliwa mwaka wa 1932. Kabla ya hapo hata mabehewa ya treni yalikuwa yakivushwa kwa feri. Sasa treni kati ya Sydney na Brisbane ingepita moja kwa moja. Na treni inayopita moja kwa moja inaweza pia kukupita. Mji mdogo katika hali hiyo unahitaji sababu ya mtu kushuka. Grafton haukuwa na dhahabu wala bahari. Ulikuwa na miti ambayo mtu alipanda miaka 50 iliyopita bila kujua.

Hicho ndicho kitu kilichonishtua zaidi. Tunasikia neno utamaduni tunafikiria kitu kilichoshuka kutoka kwa mababu, kitu ambacho ama unacho ama huna. Grafton walikaa chini wakaamua. Walichagua tarehe, wakachagua rangi, wakachagua malkia. Mwaka wa kwanza lazima ilionekana kama mchezo wa watoto. Mwaka wa 10 ikawa mazoea. Sasa imepita takriban miaka 90, na mtu wa Grafton akikwambia "sisi tunatoka mji wa jakaranda" anasema kitu cha kweli kabisa, ingawa mti ni mgeni na tamasha lina umri wa nyanya yake. Mwaka wa 2004 hata baraza la mji lilivunjwa, likaunganishwa na mengine kuwa baraza moja la bonde zima. Mji ulipoteza serikali yake yenyewe. Tamasha likaendelea.

Sasa jaribu kufikiria mtu anakwenda Grafton kukata jakaranda kubwa kwa sababu inaficha bango la matangazo. Wiki mbili kabla ya tamasha. Nadhani hata asiyependa miti angetoka nje na mwiko mkononi. Sheria ya kulinda miti inaweza kuwa ileile huku na kule, lakini karatasi ya kukata mti inakutana na watu tofauti. Kule inakutana na mji ambao umezoea, kila mwaka, kutoka nje kuangalia miti yake kwa siku kadhaa. Mti mmoja ukikosekana utaonekana. Huku kwetu ilikutana na mimi nikiwa kitandani na soja ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza lolote.

Haya, turudi Nairobi, kwa sababu jakaranda zetu ni sehemu ya safari ileile ya mbegu.

Nairobi ilianza mwaka wa 1899 kama kituo cha reli, kwenye ardhi ya Wamaasai na Wakikuyu. Nayo pia haikuwa tupu, na nayo pia ilipimwa na watu waliotoka mbali. John Ainsworth, afisa wa koloni aliyehamia hapa kutoka Machakos mwaka huohuo, anakumbukwa kwa kupanda miti kwenye mji uliokuwa tope na mabati. Mikaratusi ililetwa kutoka Australia ili ikaushe maeneo yenye maji, na jakaranda zikaja kupamba barabara. Ukitaka kuona ramani ya ubaguzi wa Nairobi ya zamani, hauhitaji kwenda makumbusho. Tembea tu mwezi wa Oktoba. Anza Kilimani, Kileleshwa na Westlands, penye wazungu walikaa, uone zambarau ilivyo. Halafu vuka uende Eastlands, kwenye mitaa iliyojengewa Waafrika waliovaa kipande shingoni. Zambarau inapungua sana, hata kama tuna uwanja maarufu unaoitwa Jacaranda.

Ndiyo maana nilipomwambia rafiki yangu mmoja hii stori alinikata maneno. "Hiyo ni miti ya mkoloni," akasema. "Waikate tu, tupande ya kwetu."

Sikumpuuza. Ni hoja ya maana, na watu wengi wanaifikiria bila kuisema. Lakini nikimjibu polepole, hivi ndivyo ninavyoona.

Kwanza, miti haiheshimu pasipoti. Chukua mti wetu wa kujivunia, Nandi flame, ule wenye maua mekundu kama moto. Ni wa Afrika asilia. Kumbe ni binamu ya jakaranda, familia moja kabisa ya mimea, pamoja na ule mti wa muratina ambao wazee wa Mlima Kenya wanautumia kutengeneza pombe. Sasa, walowezi waliupenda Nandi flame pia, wakaupeleka Australia kupamba barabara. Leo kule Queensland umekuwa kwekwe. Unavamia misitu na kingo za mito, na serikali yao imeuweka kwenye orodha ya mimea hatari. Yaani wao wanang'oa mti wetu huku wakisherehekea wa Argentina, na sisi tunapiga picha wa Argentina huku tukiuza magogo ya mikaratusi yao. Na huko Amerika ya Kusini kwenyewe, jakaranda ya porini imo kwenye hali ya hatari kwa sababu misitu yake inafyekwa kuwa mashamba.

Pili, mahindi yalitoka Amerika pia. Hakuna mtu atakayesimama mbele ya sahani ya ugali na sukuma aseme hiki ni chakula cha wageni. Tumelima, tumesaga, tumesonga, tumelia njaa mvua ikikosa, kwa hivyo ni yetu. Kitu kinakuwa chako kwa kazi unayokifanyia mwaka baada ya mwaka. Jakaranda haijawa yetu kwa sababu hatujaifanyia chochote zaidi ya kuipiga picha.

Ila kwenye jambo moja rafiki yangu ana haki, na hapa ndipo sitaki kuiga Grafton kila kitu. Maua yakianguka yanafunika ardhi, na ni rahisi kusahau ardhi yenyewe. Mji unaweza kufanya gwaride miaka 90 kuhusu miti iliyoletwa bila kusimama kuulizana kuhusu mierezi iliyokwisha na unga wa Kangaroo Creek. Sisemi watu wa leo ndio waliofanya hayo. Ninasema sherehe nzuri inaweza kuwa zulia zuri la kufunikia kitu. Kama sisi tutakuja kusherehekea jakaranda za Nairobi, tusherehekee tukijua nani alizipanda, barabara ya nani, na nani alikuwa haruhusiwi kukaa chini yake jioni bila karatasi. Mimi nadhani tunaweza kubeba yote mawili, uzuri na ukweli wake.

Tena si kwamba hatujui kulinda miti. Mwaka wa 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park. Wangari Maathai akaandika barua, akapinga, akatukanwa bungeni, na jumba halikujengwa. Bustani ilibaki kwa sababu mtu alisema ni yetu. Miaka ya karibuni, 2020, barabara ya juu ilipokuwa inajengwa kupitia Waiyaki Way, kulikuwa na mugumo mkubwa wa zamani pale Westlands uliokuwa ukatwe. Watu walipiga kelele, ikatolewa amri ya rais, ukaachwa, na barabara ikatafutiwa njia nyingine ya kupita. Mugumo una heshima yake kwa Wakikuyu tangu zamani, na ule wa Westlands ulikuwa na watu wa kuusemea. Miti mingine mingi kwenye barabara hiyohiyo haikuwa na mtu, na haipo.

Halafu tukapata sikukuu yetu ya miti. Jumatatu, tarehe 13 Novemba 2023, serikali ilitangaza siku ya mapumziko ya taifa nzima, tutoke tupande miti, kwenye ule mpango wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Mwezi Mei 2024, baada ya mafuriko, ikatangazwa nyingine. Mimi nilienda ile ya kwanza. Nilipanda miche miwili kando ya mto, nikapiga video, nikarudi nyumbani na tope kwenye viatu na moyo mweupe.

Niulize miche yangu iko wapi leo. Sijui. Sijawahi kurudi.

Hapo ndipo Grafton inanifunga. Mimi niliifanya ile siku iwe ya kuanza tu, na sikujiwekea siku ya kurudi. Kupanda ni rahisi, kuna picha, kuna koleo, kuna mheshimiwa na kofia yake. Lakini mche unakufa Februari jua likiwaka, siku ambayo hakuna kamera. Na mti mkubwa unakatwa Jumamosi asubuhi watu wakiwa wamelala. Tamasha la kila mwaka, hata likiwa na mbwembwe za taji na nguo za zambarau, linafanya kazi moja ya maana sana. Linakulazimisha urudi mahali palepale, mwezi uleule, uangalie juu. Ukiangalia juu kila mwaka, utajua kilichopungua.

Sitaki serikali itutangazie hiyo siku. Ikitangazwa itakuwa na mahema, viti vya plastiki na hotuba za saa tatu, na mwaka wa pili itasahaulika. Grafton ilianza kama mji mdogo wenye shida zake. Nadhani sisi tuanze hata kwa udogo zaidi, barabara moja moja.

Kwa hivyo mwezi uliopita nilifanya kitu ambacho ningepaswa kufanya kabla ya video ya kwanza. Nilitembea barabara yetu yote, kutoka geti letu hadi pale stendi ya matatu, nikahesabu miti. Jakaranda ni 14. Kuna Nandi flame mbili, na mikaratusi mitatu nyuma ya kanisa. Nikaandika kwenye daftari kila mmoja uko mbele ya nyumba gani. Mama wa mahindi alinicheka kwanza, halafu akaniambia ule wa tatu una mchwa, na ule mkubwa wa kona ulipandwa kabla shosho wake hajaja kufanya kazi za nyumba huku. Soja naye akanionyesha kitu nilichokuwa nimepita mara mia bila kuona. Kile kisiki cha Jumamosi ile kimechipua. Machipukizi matano, yana urefu wa magoti yangu. Mzee ameyazungushia tairi kuukuu ili magari yasiyapande, na anayamwagia maji anayooshea kikombe.

"Na mbona hukuniambia, mzee?"

"Hukuuliza, kijana. Wewe huwa unauliza kama mti umechanua tu."

Basi. Jumamosi ya mwisho ya Oktoba, saa nne asubuhi, nitakuwa pale getini na daftari langu. Tutatembea barabara, tutahesabu tena, tuone kama bado ni 14 na kisiki. Hakuna malkia, hakuna gwaride, na kuvaa zambarau ni hiari. Chai ni juu yangu. Mandazi mjiletee. Na kama wewe si wa mtaa wetu, usije kwetu. Hesabu ya kwenu, uandike mahali, halafu mwaka ujao tarehe hiyohiyo uhesabu tena.